Shule za Shaker Heights: Mali ya Nani?

Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya shule za mji mmoja mdogo wa Marekani: jinsi zilivyoanzishwa, jinsi zilivyokua, na jinsi wenyeji walivyoshindana kwa maneno na kwa kura juu ya shule hizo kwa muda wa miaka mia na zaidi.



Mgeni akiingia Marekani na kuuliza ni nani mwenye shule, hapati jibu upesi. Serikali kuu iliyoko Washington haiendeshi shule za watoto. Kila jimbo lina sheria zake za elimu, lakini kwa kawaida hata serikali ya jimbo haiishiki kazi hiyo kwa mkono wake. Nchi nzima imegawanywa katika wilaya za shule, nazo ni zaidi ya 13,000. Wilaya hizo si kama wilaya za utawala. Kazi yake ni moja tu, kufundisha watoto wa mahali hapo bila karo. Kila wilaya ina halmashauri yake, na mara nyingi wajumbe wake huchaguliwa kwa kura. Halmashauri humwajiri mkuu wa elimu, na mahali pengi ina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na nyumba, ilimradi wenyeji wakubali.

Mpango huu una uzuri wake na ubaya wake. Uzuri wake ni kwamba mzazi aweza kumkuta mjumbe wa halmashauri dukani au kanisani, akamwuliza mbona darasa la mtoto wake halina mwalimu. Ubaya wake ni kwamba penye nyumba za thamani kubwa fedha za shule hupatikana kwa wingi, na penye nyumba za maskini hupatikana kwa shida. Mstari mwembamba uliochorwa katika ramani waweza kuwatenga watoto wawili wakaao upande huu na upande ule wa njia moja.

Mtu atakaye kuyaelewa mambo hayo vizuri na atazame mji wa Shaker Heights katika jimbo la Ohio. Ni kitongoji kilicho maili 8 hivi mashariki ya katikati ya mji mkubwa wa Cleveland, ambao uko kando ya Ziwa Erie. Ni mji mdogo. Mwaka wa 2020 ulikuwa na watu 29,000 hivi. Lakini habari za shule zake zimesomwa na kujadiliwa katika Marekani yote, na mtu mmoja aliyekwenda kuzichunguza alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Nigeria.

NCHI YA WATETEMEKAJI

Jina la mji huo latokana na madhehebu ya Wakristo walioitwa Shakers, maana yake watetemekaji, kwa kuwa walicheza na kutetemeka katika ibada yao. Walikaa mahali hapo tangu mwaka wa 1822 hata mwaka wa 1889. Walikuwa wakulima hodari na mafundi wa mbao. Walijenga mabwawa katika kijito, na maziwa waliyoyafanya yalidumu hata baada yao. Mali yao yote ilikuwa ya shirika, wala hakuna aliyekuwa na shamba lake peke yake. Tena hawakuoa wala kuolewa. Watoto waliokuwa kwao walikuwa mayatima waliowapokea, au walioletwa na wazazi waliojiunga nao. Wazee walipokufa na vijana wakaenda zao, mahali pale pakabaki ukiwa. Hivyo nchi ya watu wasiozaa ndiyo iliyokuja kusifiwa baadaye kwa malezi ya watoto.

NDUGU WAWILI NA RELI YAO

Mnamo mwaka wa 1905 ndugu wawili, Oris Paxton Van Sweringen na Mantis James Van Sweringen, walianza kununua ardhi hiyo. Hawakuwa watu wa ukoo wenye mali, wala hawakusoma sana. Lakini walikuwa na akili ya biashara na subira. Wakati ule Cleveland ulikuwa mji wa viwanda vya chuma na moshi mwingi, na matajiri walitaka kukaa mbali na moshi huo. Ndugu hao wakachora mji mpya juu ya miinuko, wenye njia zinazopinda, miti mingi, na nyumba zilizojengwa kwa masharti makali. Hata aina ya ujenzi ilipaswa kukubaliwa na kampuni.

Shida ilikuwa safari. Mtu akikaa maili 8 mbali na ofisi yake, atafikaje kazini? Ndugu hao wakaamua kujenga reli ya magari ya umeme. Walipohitaji njia ya kupitisha reli hiyo, mwaka wa 1916 walinunua kampuni nzima ya reli, iliyojulikana kwa jina la Nickel Plate. Mwaka wa 1920 magari ya umeme yakaanza kwenda, na watu wakahamia kwa wingi. Mwaka huo mji ulikuwa na watu 1,600 hivi. Miaka kumi baadaye walikaribia 18,000.

Wilaya ya shule ilianzishwa mwaka wa 1912, mji ulipokuwa ungali kijiji. Ndugu hao walifahamu kwamba mwenye watoto hanunui nyumba tu. Hununua na shule iliyo karibu nayo. Kwa hiyo walitenga viwanja vya shule kabla ya nyumba kujengwa. Shule ya Boulevard ilifunguliwa mwaka wa 1914. Baadaye zikafuata nyingine, hata zikatimia shule za msingi tisa: Boulevard, Fernway, Lomond, Ludlow, Malvern, Mercer, Moreland, Onaway na Sussex. Kila shule ilikuwa moyo wa mtaa wake, na mtaa ulichukua jina la shule. Watoto walikwenda kwa miguu asubuhi, wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana, kisha wakaenda tena. Mwaka wa 1931 jengo kubwa la shule ya sekondari lilifunguliwa, na mwaka huo huo kijiji kikapewa cheo cha mji.

Ndugu hao wawili hawakuufurahia utajiri wao kwa muda mrefu. Anguko la biashara lililoanza mwaka wa 1929 liliwafilisi. Mantis alikufa mwaka wa 1935, na Oris akamfuata mwaka wa 1936. Mji wao ulidumu, na shule zao zikawa na sifa kubwa.

UKUTA USIOONEKANA

Walakini sifa hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Mji ulijengwa kwa watu wachache waliochaguliwa. Mwaka wa 1925 daktari mmoja mweusi alinunua nyumba mjini. Nyumba yake ikashambuliwa, na mwishowe alilazimika kuhama. Baada ya hayo kampuni ilizidi kukaza masharti katika hati za ardhi, kwamba mwenye nyumba asiiuze pasipo idhini ya kampuni au ya majirani walio wengi. Sharti lenyewe halikutaja rangi ya mtu wala dini yake. Halikuhitaji kutaja, maana kila mtu alijua lilivyotumika. Watu weusi walizuiwa, na Wayahudi na Wakatoliki nao walipata taabu kuingia.

Kwa hiyo shule hizo zilikuwa za watu wote kwa jina, na hakuna mtoto wa mji aliyedaiwa karo. Lakini karo ilikuwa imekwisha kulipwa mlangoni, yaani katika bei ya nyumba na katika hati ya ardhi. Asiyeweza kununua nyumba hakuweza kuleta mtoto shuleni.

Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kwamba mahakama hazina ruhusa ya kutekeleza masharti ya namna hiyo yanayobagua rangi. Mwaka wa 1954 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba sheria za kutenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Ukuta ule ulianza kutoa nyufa.

BOMU LA JANUARI 1956

Mtaa wa Ludlow uko upande wa magharibi wa mji, nao una jambo la ajabu. Mpaka kati ya Cleveland na Shaker Heights wapita katikati yake, lakini mpaka wa wilaya ya shule haukufuata mpaka wa mji. Hivyo familia fulani zilikuwa wenyeji wa Cleveland kwa serikali ya mji, na huku watoto wao wakisoma katika shule za Shaker Heights. Watu weusi wenye kazi nzuri, kama madaktari, wanasheria na walimu, walianza kununua nyumba katika mtaa huo.

Tarehe 3 Januari, 1956, bomu lililipuka katika nyumba iliyokuwa ikijengwa na wakili mmoja mweusi, likabomoa banda la motakaa. Waliofanya hivyo walitaka aogope akimbie. Hakukimbia. Majirani weupe kwa weusi walifika wakasaidia kuondoa vifusi. Kisha wakaanza kukutana nyumbani kwa huyu na kwa yule, wakila vitafunio na kuzungumza. Watu waliokaa njia moja bila kujuana wakajuana kwa majina. Mwaka wa 1957 wakaunda chama cha mtaa wa Ludlow.

Adui yao hakuwa bomu peke yake. Madalali wa nyumba walikuwa na desturi mbaya. Dalali humwendea Mzungu usiku na kumnong'oneza kwamba watu weusi wanaingia, na kwamba bei ya nyumba itaanguka. Heri auze upesi. Mzungu huuza kwa bei ya chini, na dalali huiuza nyumba ile ile kwa mtu mweusi kwa bei ya juu. Katika muda wa miaka michache mtaa mzima wa weupe hugeuka kuwa mtaa wa weusi, dalali hutajirika kwa pande zote mbili, na shule hubaki zimetengwa kama zamani ingawa sheria imebadilika.

Watu wa Ludlow walikataa. Walianzisha ofisi yao wenyewe ya kuwaonyesha watu nyumba, wakaunda na kampuni ya kuwakopesha wanunuzi fedha za malipo ya kwanza. Daktari wa meno mmoja mweusi, Winston Richie, alikuwa rais wa chama hicho katika miaka ya 1960, na baadaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la mji. Mtaa ukabaki na watu wa rangi zote.

Lakini jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Ili mchanganyiko usiharibike, mikopo ilipewa wanunuzi weupe, ambao wasingekuja wenyewe. Mtu mweusi aliyetaka kuingia Ludlow hakutafutwa. Pengine alishauriwa aangalie mtaa mwingine. Kwa hiyo mtu aliyefungiwa mlango miaka mingi aliambiwa angoje kidogo tena kwa ajili ya umoja. Wako waliosema kwamba hiyo ndiyo njia pekee iliyofaa, na wako waliosema kwamba haki haipimwi kwa kibaba. Maneno ya pande zote mbili yalikuwa na uzito, na hayajakwisha hata leo.

WATOTO WA MORELAND

Mtaa wa Moreland ulikuwa na nyumba ndogo kuliko mitaa mingine, na watu wake hawakuwa matajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watoto weusi walikuwa wengi mno katika shule ya mtaa huo, na huku shule nyingi za mji zilikuwa karibu za weupe tupu. Mkuu wa elimu wa wakati ule, Bwana Jack Lawson, aliona kwamba si vema mambo yaendelee hivyo. Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Alileta shauri la kuwachukua watoto wa Moreland kwa mabasi na kuwagawa katika shule nyingine.

Wazazi wakauliza swali ambalo huulizwa kila mahali penye mabadiliko ya namna hiyo: mbona mzigo wa safari waangukia watoto weusi peke yao? Kama kuchanganyika ni jambo jema, basi watoto weupe nao wapande basi waende Moreland. La kushangaza ni kwamba wazazi weupe walikuwamo katika wale waliounga mkono swali hilo. Baada ya mikutano mingi shauri likabadilishwa. Mpango ulioanza mwaka wa 1970 ulikuwa wa hiari kwa pande zote mbili: mtoto wa Moreland aliweza kuchagua shule ya mtaa mwingine, na mtoto wa mtaa mwingine aliweza kwenda Moreland. Mahali pengi katika Marekani miaka hiyo watu walitupa mawe mabasi ya shule, na mahakama zikatoa amri juu ya amri. Shaker Heights waliyafanya hayo kwa kukubaliana wenyewe.

SHULE NNE ZAFUNGWA

Mnamo mwaka wa 1960 mji ulikuwa na watu zaidi ya 36,000. Baadaye ukaanza kupungua. Kizazi kikubwa cha watoto waliozaliwa baada ya vita kilimaliza shule, na nyumba zilizokuwa na watoto wanne zikabaki na wazee wawili. Madarasa yakawa matupu, na huku gharama za kuwasha moto wakati wa baridi na kutengeneza mapaa hazikupungua. Tena, ingawa mpango wa hiari ulisaidia, shule hazikuwa sawa: nyingine zilikuwa na weusi wengi, nyingine weupe wengi.

Mwaka wa 1987 halmashauri ilikata shauri. Shule nne za msingi, yaani Ludlow, Malvern, Moreland na Sussex, zikafungwa. Tano zikabaki, na mipaka yake ikachorwa upya ili watoto wa rangi zote wawe katika kila shule. Watoto wote wa darasa la tano na la sita wakakusanywa katika shule moja, Woodbury, na wa darasa la saba na la nane katika shule nyingine. Tangu siku hiyo kila mtoto wa mji, tajiri kwa maskini, akifika darasa la tano huketi chini ya paa moja na wenzake wote.

Kwa watu wa Ludlow ilikuwa kama msiba. Shule ambayo kwa ajili yake walikuwa wamesimama imara mbele ya bomu na mbele ya madalali ilifungwa kwa kalamu. Jengo la Moreland lilikuwa na bahati njema. Lilitengenezwa, na katika miaka ya 1990 likawa maktaba kuu ya mji. Huko watu wazima na watoto husoma hata leo, mahali walipopanda na kushuka watoto wa mabasi ya mwaka wa 1970.

KODI NA KURA

Yafaa kueleza fedha hutoka wapi, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika Ohio sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya nyumba na ardhi. Mji wa Shaker Heights una maduka machache na viwanda karibu hauna, kwa hiyo mzigo wote huwaangukia wenye nyumba. Kiwango cha kodi yao ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa katika jimbo zima.

Tena kuna sheria ya jimbo ya mwaka wa 1976. Thamani ya nyumba ikipanda, sheria hiyo hupunguza kiwango cha kodi iliyopigiwa kura, ili fedha zinazokusanywa katika nyumba zile zile zisiongezeke. Lakini bei ya vitabu, mafuta na mishahara ya walimu haingoji. Hupanda kila mwaka. Hivyo kila baada ya miaka michache halmashauri hulazimika kuwaendea wenyeji na kuomba kodi mpya kwa kura. Mzee ambaye watoto wake walimaliza shule miaka thelathini iliyopita huulizwa kama yu tayari kulipa zaidi kwa ajili ya watoto wa wengine. Katika Shaker Heights mara nyingi amejibu ndiyo. Wako wanaofanya hivyo kwa ukarimu, na wako wanaojua kwamba shule zikiharibika, thamani ya nyumba zao nayo itaanguka.

Lakini je, wilaya maskini itafanyaje? Mwaka wa 1997 Mahakama Kuu ya Ohio, katika kesi iliyojulikana kwa jina la DeRolph, iliamua kwamba mpango wa kutegemea mno kodi ya nyumba ni kinyume cha katiba ya jimbo, kwa kuwa hauwapi watoto wote elimu ya kutosha. Mahakama ilirudia maneno hayo mwaka wa 2000 na tena mwaka wa 2002. Hukumu ilikuwa wazi, lakini utekelezaji wake ulikwenda polepole. Mwaka wa 2021 ndipo bunge la jimbo lilipokubali kanuni mpya ya kugawa fedha, nayo ilipangwa kutekelezwa kidogo kidogo.

PROFESA KUTOKA NIGERIA

Katika miaka ya 1990 Shaker Heights ulionekana kuwa umeshinda. Nusu hivi ya wanafunzi walikuwa weusi, karibu nusu weupe, na wote walisoma katika majengo yale yale. Lakini mtu akiingia ndani ya jengo na kufungua mlango wa darasa aliona jambo lingine. Madarasa ya masomo magumu yalijaa watoto weupe. Madarasa ya kawaida yalijaa watoto weusi. Kwa kipimo ambacho alama ya juu ni 4, wastani wa wanafunzi weusi ulikuwa 1.9, na wa weupe 3.45. Ukuta ulioondolewa katika mitaa ulikuwa umesimamishwa tena katika ukumbi wa shule.

Wazazi weusi, wengi wao watu waliosoma na wenye kazi nzuri, walihuzunika. Walitoa jasho kununua nyumba pale kwa ajili ya shule. Kwa nini basi watoto wao walikuwa nyuma? Wakamwita Profesa John Ogbu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Ogbu alizaliwa katika kijiji cha Nigeria mwaka wa 1939, mwana wa wakulima, akapata kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu ya watu walio wachache katika nchi zao. Alifika mwaka wa 1997, akaketi madarasani, akahudhuria mikutano, akawauliza wazazi, walimu na wanafunzi.

Kitabu chake kilitoka mwaka wa 2003. Ogbu alitenganisha watu waliohamia Marekani kwa hiari na watu ambao wazee wao waliletwa kwa nguvu katika utumwa. Mwenye kuhama kwa hiari, alisema, huiona shule kuwa ngazi. Lakini yule ambaye wazee wake walidanganywa vizazi na vizazi hana hakika kwamba ngazi hiyo yafika juu. Aliandika kwamba walimu na mpango wa madarasa walikuwa na sehemu yao ya lawama. Aliandika pia kwamba wanafunzi wengi weusi hawakujitahidi kadiri walivyoweza, na kwamba wazazi hawakufuatilia vya kutosha masomo ya watoto wao.

Maneno hayo ya mwisho yaliwasha moto. Wazazi waliomwita wakaona kwamba wamelaumiwa. Wataalamu wengine wakampinga. Profesa Ronald Ferguson wa Harvard aliwauliza wanafunzi wenyewe kwa maandishi, akaona kwamba katika madarasa ya kiwango kimoja watoto weusi walitumia saa nyingi za kazi ya nyumbani sawa na weupe; lakini waliimaliza kwa shida zaidi, kwa sababu msingi wao katika madarasa ya chini haukuwa imara. Kwa maoni yake lililopungua ni ustadi na msaada, si nia. Ogbu hakupata muda wa kuyajibu yote. Alikufa mwaka ule ule wa 2003. Hata hivyo swali lake halikufa pamoja naye.

KAZI YA VIJANA WENYEWE

Vijana hawakungoja wazee wamalize kubishana. Tangu mwaka wa 1983 wanafunzi wa sekondari wamekuwa na chama kinachokwenda katika madarasa ya watoto wadogo kuzungumza nao juu ya rangi na urafiki. Mwaka wa 1990 ilianzishwa jamii ya wavulana weusi wenye kufaulu, ambao huwachukua wadogo wao chini ya ulezi, wakawafundisha kupeana mkono kwa heshima, kutazamana machoni, na kusema bila haya kwamba wanataka alama za juu. Kijana humsikiliza kijana mwenzake mahali ambapo hamsikilizi mzee.

Mwaka wa 2020 wilaya ilichukua hatua kubwa kuliko zote zilizotangulia ndani ya shule. Chini ya mkuu wa elimu David Glasner, ilifuta mgawanyo wa viwango katika masomo mengi, tangu darasa la tano hata la tisa, ili watoto wote wafundishwe masomo ya kiwango cha juu pamoja. Hatua hiyo ilichukuliwa wakati ugonjwa wa korona umefunga milango ya shule, na mafunzo yalikuwa kwa njia ya mashine majumbani. Wengine walifurahi kwamba mwishowe jambo limetendeka. Wengine, na miongoni mwao walimu, walinung'unika kwamba limetendeka kwa haraka, na kwamba si rahisi mwalimu mmoja kuwafundisha mtoto anayekimbia na mtoto anayetambaa katika saa moja. Mabishano yakaanza tena, kama yalivyokuwa mwaka wa 1956, na 1970, na 1987.

MALI YA NANI?

Hapo ndipo swali la kwanza linaporudi: shule hizo ni mali ya nani? Ndugu wawili wafanya biashara walizifanya chambo cha kuuzia viwanja. Wenye nyumba walizifanya hazina ya kulinda thamani ya mali zao. Wazazi weusi walizifanya tumaini, wakazilipia kwa gharama kubwa kuliko majirani zao. Kila mmoja aliona kwamba zilikuwa zake, wala hakuna aliyekuwa amekosea kabisa.

Historia ya Shaker Heights yaonyesha kwamba kuondoa ukuta mmoja si mwisho wa safari. Hati za ardhi zilipobatilika, madalali walikuja. Madalali waliposhindwa, mipaka ya mitaa ilibaki. Mipaka ilipochorwa upya, milango ya madarasa ilibaki. Na kila mara kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, maana ukuta ulikuwa umekaribia zaidi moyo wa mtu.

Lakini yaonyesha pia kwamba watu wa kawaida, wasio na jeshi wala amri ya mahakama, waweza kuuvuta mji mahali pema kwa mikutano, kwa kodi, na kwa ukaidi wa kutohama. Usiku ule wa Januari 1956 ulipokwisha, watu wa Ludlow walikuwa na njia mbili mbele yao: kuuza nyumba na kwenda zao, au kuchukua koleo na kuondoa vifusi. Walichukua koleo. Shule zilizoko leo, pamoja na makosa yake yote, zimesimama juu ya kazi ya asubuhi ile.